Mtendaji wa Kata

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Kwa mujibu wa sheria zake, kulitaja jina la nchi ukiwa umekaa ni kosa, nami siwezi kuandika nikiwa nimesimama, mgongo hauniruhusu. Itoshe kujua kwamba ni nchi nzuri, ina amani tele, na wale waliokuwa wakisema haina amani wote sasa wametulia.

Mimi nilikuwa mtumishi wa serikali katika Idara ya Makofi. Watu hudhani kupiga makofi ni kazi rahisi. Waje wajaribu kupigia makofi hotuba nzima ya bajeti, halafu warudi nyumbani wakafue nguo. Nilipanda cheo mpaka nikawa Mpiga Makofi Mwandamizi wa safu ya mbele, nikaruhusiwa hata kutokwa na machozi inapobidi. Ndiyo maana haya nayajua: niliyaona kwa macho yangu, na mengi niliyapigia makofi.

Kiongozi wetu aliitwa Mtukufu Kichwa cha Taifa, kwa ufupi Kichwa. Na kwa kuwa jina tukufu halichezewi, neno hilo lilipigwa marufuku kwa matumizi mengine yote. Mgonjwa alimwambia daktari, "Sehemu yangu ya juu inagonga." Magazeti yalikuwa na sehemu za juu za habari. Treni ilivutwa na mtangulizi wa mabehewa, na katika vitabu vya shule mwili wa binadamu ulianzia shingoni. Mimi hapa naliandika neno hilo kwa sababu hadithi haiendi bila hilo. Msomaji akilifikia alisome kimoyomoyo.

Basi, mambo yalikuwa shwari mpaka zilipokuja biri.

Zililetwa na balozi wa nchi moja ya visiwa inayolima tumbaku. Zilikuwa ndani ya sanduku la mbao linalonukia: biri nene, za majani matupu yaliyoviringishwa kwa mkono, kila moja imevishwa pete ya karatasi ya dhahabu. Balozi akaeleza kwamba Rais wa Visiwa anakuja kutia saini mkataba wa urafiki, na kwa desturi yao marafiki huvuta biri pamoja kwanza, ndipo huja kalamu. Anayeshindwa kuivuta biri yake huhesabiwa hakuupenda urafiki. Ndani ya sanduku mlikuwa na kisu kidogo chenye tundu katikati na kikaratasi cha maelekezo kwa lugha ya kwao.

Baraza la mawaziri likakaa. Waziri wa Itifaki, Mheshimiwa Sifuni Magotini, akamwita Mkalimani Mkuu, mzee mpole aitwaye Bwana Lutengo, asome.

"Biri ina ncha mbili," Bwana Lutengo akasoma. "Ncha moja iko wazi, ndiyo inayowashwa. Inaitwa mguu."

"Vizuri," akasema Waziri. Nikapiga makofi.

"Ncha ya pili imezibwa, ndiyo inayowekwa mdomoni. Nayo inaitwa..."

"Soma, mzee."

"Inaitwa hivyo hivyo, mheshimiwa."

"Hivyo hivyo vipi? Taifa linasubiri!"

"Inaitwa kichwa."

Mawaziri wote wakatazama dari. Waziri akajipangusa jasho, akauliza kwa sauti ya chini, "Na hicho, hicho cha upande huo, kinafanywaje?"

Bwana Lutengo akaangalia karatasi, akaangalia mlango. "Kabla ya jambo lolote lile," akasoma, "kikatwe."

Alipelekwa kupumzika. Kikaratasi nacho kilipelekwa kupumzika, katika gereza jingine, wasije wakaongea.

"Waheshimiwa," akasema Waziri Magotini mlango ulipofungwa, "jambo hili lisizungumzwe tena na mtu yeyote. Lakini lifanywe." Nikapiga makofi marefu, kwa maana sikuelewa, na penye kutoelewa kanuni za idara ziko wazi. Ndipo ikapitishwa amri, fupi, ya heshima, isiyomtaja mtu wala kiungo chake: Atafutwe mtendaji wa kata, aletwe Ikulu haraka.

Mle ndani kila mmoja alijua maana yake: mtu wa kuitenda ile kata yenyewe. Lakini amri ilipotoka nje ya mlango haikufuatana na biri. Ilishuka kwa simu kutoka ofisi hadi ofisi, na huko chini mtendaji wa kata ni mtendaji wa kata, yule afisa anayesuluhisha ugomvi wa mipaka, anayekagua vyoo na kutangaza mbuzi waliopotea. Wapo wengi. Ofisi ya mwisho ikaamua kumpeleka yule aliyekuwa akiwasumbua kuliko wote, angalau wapumue.

Ndivyo alivyokuja Bi. Stamili Chitemo, Mtendaji wa Kata ya Ng'ambo.

Alikuwa mama mnene kiasi, mwenye mkoba mkubwa na sauti iliyozoea mikutano ya hadhara isiyo na kipaza sauti. Kata yake ilikuwa upande wa pili wa mto. Daraja lilisombwa na maji zamani, na zahanati ilibaki upande wa huku, katika Kata ya Sokoni. Wajawazito walivushwa juu ya mapipa yaliyofungwa kamba. Masika yaliyopita mmoja alijifungulia katikati ya maji. Mtoto alipona. Mama yake hakupona. Bi. Stamili aliomba daraja kila mahali penye mlango na kiti, akaambiwa suala lake linafanyiwa kazi. Sasa Ikulu yenyewe imemwita. Alivaa gauni lake la harusi za watu akaja akiwa na furaha tele.

Nilikuwepo walipokutana na Waziri Magotini. Nasimulia kama nilivyosikia.

"Wewe ndiye mtendaji wa kata?"

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Umekaa na kata muda gani?"

"Tangu mwanangu wa kwanza hajaota meno, na sasa anaoa."

Waziri akatikisa sehemu yake ya juu kwa kuridhika. "Na kata yako ikoje? Imenyooka?"

"Upande wa barabara imenyooka, mheshimiwa. Upande wa mtoni ina pembe."

"Ya pembe!" Waziri akanigeukia. "Umesikia? Huyu ni mtaalamu." Nikapiga makofi. "Lakini isiwe kubwa mno, mama. Tumeambiwa ikiwa kubwa inaharibu."

"Hapo umenena, baba. Ni kubwa mno, hata haisimamiki. Tulishaomba ipunguzwe."

"Na kuna mtu amewahi kuumia?"

Bi. Stamili akaacha kutabasamu. "Wanaumia kila masika, mheshimiwa. Mmoja amekufa. Ndicho kilichonileta."

Waziri akafikiri kidogo, akasema kwamba utaalamu wowote una ajali zake, kisha akafungua sanduku, akampa biri moja na kile kisu. "Haya. Onyesha."

"Nionyeshe nini?"

"Tenda!"

"Mheshimiwa, mimi ni mtendaji wa kata."

"Ndiyo nasema, tenda kata!"

Nilimwona anaitazama biri, anakitazama kisu, anamtazama Waziri, na mambo yote matatu yanakutana usoni pake. Mtu mwingine angesema papo hapo kwamba pametokea kosa. Lakini Bi. Stamili alikuwa amekaa serikalini siku nyingi. Alijua kosa likishapanda mpaka Ikulu halishuki tena peke yake, hushuka na mtu.

"Nikiitenda vizuri," akauliza taratibu, "napata nini?"

"Unamwomba Mtukufu chochote utakacho."

"Na nikikosea?"

"Utapumzika."

"Basi nipeni maelekezo yake."

"Maelekezo yanapumzika."

Akakaa chini na lile sanduku, akaanza kujifunza kwa kuharibu. Biri ya kwanza aliikata mguuni, haikusaidia kitu. Ya pili aliikata kwenye ncha iliyozibwa, lakini akaenda chini sana, na majani yote yakafumuka yakamwagika mapajani pake. Ya tatu aliipondaponda. Waziri akatoa taarifa kwamba biri hizo zimetafunwa na panya wenye uhusiano na maadui wa taifa. Hatimaye Bi. Stamili akagundua kwamba ile ncha iliyozibwa imevishwa jani dogo la mviringo lililogandishwa juu, mithili ya kofia, na kofia hiyo ina ukingo. Ukikata kileleni tu, ukauacha ukingo, majani yanashikana na hewa inapita. Ukivuka ukingo, umemaliza kila kitu.

"Kumbe ni kofia tu," akaniambia. "Mnatetemeka nchi nzima kwa ajili ya kofia."

Nilipiga kofi moja, dogo, lisilo na upande.

Siku ya mkataba ikafika. Rais wa Visiwa alikuwa mzee mchangamfu mwenye masharubu ya njano. Alikuja na mkalimani wake mwenyewe, kwa kuwa wetu alikuwa bado amepumzika. Yeye na Mtukufu walikaa kwenye viti vya dhahabu, chetu kikiwa kirefu zaidi kwa mujibu wa itifaki, hata miguu ya Mtukufu ikawa inaning'inia. Bi. Stamili alisimama nyuma, mikono mitupu. Walinzi walikuwa wamemnyang'anya kisu mlangoni. Hakuna chuma chochote kinachoruhusiwa kumkaribia Kichwa, na hakuna aliyethubutu kuwaeleza kile ni cha kukatia nini.

Mgeni akatoa kisu chake mfukoni, akakata biri yake chwiti! Walinzi wetu wakalala sakafuni. Akaipasha moto, akavuta, moshi wa buluu ukapanda juu, ukanukia vizuri. Kisha akamtazama mwenzake na kungoja.

Mtukufu akaipachika biri mdomoni vile vile ilivyo. Waziri Magotini akamwashia. Mtukufu akavuta. Hakikuja kitu. Akavuta tena, mashavu yakaingia ndani, macho yakatoka nje, mishipa ya shingo ikasimama. Kule mbele biri iliungua kwa mwali; huku mdomoni hapakuwa na dalili ya moshi. Nikapiga makofi. Idara nzima ikanifuata.

"Zawadi gani hii!" akafoka Mtukufu. "Mbovu! Moto unawaka, mimi sipati chochote! Nani anahusika?"

Waziri Magotini akarudi nyuma hatua kadhaa, na kila mtu akarudi naye, mpaka akabaki mtu mmoja mbele.

"Biri si mbovu, Mtukufu," akasema Bi. Stamili. "Mguu unaungua sana. Tatizo ni kwamba kichwa kimezibwa, hakipati habari."

Ukumbi ukanyamaza. Nimewahi kusikia kimya cha aina nyingi katika kazi yangu, lakini kile kilikuwa na harufu. Kusema haki, niliona tumekwisha wote, na yule mama nilimwonea huruma ya kweli, kwa sababu alikuwa amesema jambo la biri tu, na kila mtu mle ndani alikuwa amesikia jambo jingine.

Mkalimani wa mgeni akatafsiri. Rais wa Visiwa akacheka mpaka masharubu yakalowa machozi, akapiga goti lake kwa kiganja na kusema kwamba huyu mama ni hazina. Mtukufu hakuwa na desturi ya kumwacha mtu mwingine acheke peke yake. Akacheka pia. Tulipoona amecheka, tukacheka sisi sote, na Waziri Magotini akacheka mpaka akabebwa.

"Sasa tufanyeje?" akauliza Mtukufu.

"Kikatwe, Mtukufu. Kidogo tu, juu kabisa."

"Basi kata kichwa!" akaamuru Mtukufu kwa sauti kubwa.

Walinzi wakatazamana. Mmoja, aliyefundishwa kutii amri zote na kumlinda Kichwa kwa wakati mmoja, alizimia.

Bi. Stamili akaazima kisu cha mgeni. Akachukua biri mpya, akaizungusha mpaka akauona ukingo wa kofia, akakata kileleni, chwiti. Akanusa, akavuta hewa kavu kidogo kuona kama njia iko wazi. Akawasha kiberiti, akaushika mguu wa biri juu ya mwali bila kuugusa, huku akiizungusha polepole mpaka ukapata wekundu pande zote. "Vuta taratibu, Mtukufu. Usimeze. Moshi uishie mdomoni."

Mtukufu hakuwa amewahi kuambiwa kitu chochote kiishie mdomoni. Akameza. Akakohoa, akabadilika rangi mara kadhaa, zote za bendera ya taifa, nasi tukampigia makofi kila rangi. Mkataba ukatiwa saini.

"Omba utakacho, Mtendaji wa Kata," akasema Mtukufu, akiyumba kidogo.

Bi. Stamili akapiga magoti. Sauti ile ya mikutanoni ikamtetemeka. "Daraja, Mtukufu. Kata yangu imekatika na maji, haikutani na Kata ya Sokoni iliyo na zahanati. Wanawake wetu wanafia mtoni. Naomba kata hizi ziunganishwe."

"Ziunganishwe!" akasema Mtukufu, akapungia moshi mkono.

Lo, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Safari ile sikuwa nimeambiwa.

Wiki haikuisha, tangazo likatoka, likasomwa na Waziri Magotini mwenyewe akiwa amesimama juu ya kiti ili lisikike vizuri. "Kwa kuwa shida ya kuvuka huletwa na kuwepo kwa kata mbili, moja ya huku na moja ya kule, na kwa kuwa serikali sikivu imeziunganisha kata hizo na kuwa kata moja, hivyo basi, kuanzia leo huku na kule ni pamoja, na mtu aliye pamoja hana pa kuvukia. Suala la daraja limefungwa kwa mafanikio."

Bi. Stamili aliuliza mara moja tu, "Na mto?"

"Mto," akajibu Waziri, "ni jambo la ndani la kata."

Na kwa kuwa Kata ya Ng'ambo haikuwepo tena, mtendaji wake alikuwa hana kazi. Serikali haipendi mtu ateseke. Akateuliwa Mtendaji wa Kata wa Ikulu, akapewa chumba, sare yenye vifungo vinavyong'aa na kisu chenye mpini wa fedha. Kila baada ya chakula cha mchana alikata biri. Hakulalamika. Alikuwa kimya tu, na mtu mwenye sauti kama ile akiwa kimya, mimi huwa sipati usingizi. Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya upande wa kwao, alikuwa akisimama dirishani akiyatazama, biri mkononi, mpaka aitwe tena.

Ikafika Sikukuu ya Taifa. Uwanja ulijaa, Rais wa Visiwa amerudi kama mgeni wa heshima, televisheni inarusha moja kwa moja. Mvua kubwa ya kwanza ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mtukufu, ambaye sasa alivuta biri kama aliyezaliwa nayo, akanyoosha mkono bila kutazama.

Nilikuwa safu ya mbele, nilimwona vizuri. Bi. Stamili aliizungusha biri mpaka akauona ukingo wa kofia. Akautazama. Kisha kisu kikateremka, kikauvuka ukingo, kikaenda chini mpaka karibu na pete ya dhahabu. Chwaa! Akaikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Mtukufu akaipeleka mdomoni mbele ya taifa. Jani la nje likaachia. Likafuata la pili. Mara biri nzima ikafumuka, ikamwagika kifuani, juu ya nishani, mapajani, na vipande vingine vikabaki vimening'inia mdomoni pake kama mbuzi aliyekatizwa kula.

"Nini hiki?" akauliza Mtukufu, na vipaza sauti vyote viko wazi.

"Samahani, Mtukufu. Kata imezidi mpaka."

"Haiwezi kuunganishwa?"

"Inaunganishwa vizuri sana, Mtukufu," akasema Bi. Stamili. "Kwa tangazo."

Uwanja mzima ukaingia baridi. Na hapo ndipo mikono yangu iliponifanyia vituko. Ilipiga makofi. Sikuiamuru, wala mkuu wangu wa idara hakuwa ametoa ishara. Ilikutana yenyewe hewani, pa, pa, pa, peke yake, uwanja mzima unasikia. Rais wa Visiwa akageuka, akaniona, akaanza kupiga naye. Mgeni wa heshima akipiga makofi, itifaki inajulikana: watu wote wakapiga.

Mtukufu akang'amua kwamba hawezi kumpumzisha mtu ambaye nchi mbili zinampigia makofi kwenye televisheni. Lakini hasira ilikuwa lazima ipate pa kwenda. "Mrudisheni alikotoka!" akanguruma. "Leo hii hii! Mvusheni mto, mkamwache huko huko ng'ambo, na msirudi kwangu kabla hajavuka!"

Kikosi cha jeshi kikamchukua. Nami nikatupwa kwenye gari lile lile, kwa kosa la kupiga makofi kwa hiari.

Tulipofika, mto ulikuwa umefura mpaka kwenye migomba. Mapipa yalishasombwa. Kamanda, Meja mmoja mwenye uso wa huzuni aitwaye Kiyabo, akasimama ukingoni akiwaza. Akapiga simu Ikulu, akamweleza Waziri Magotini kwamba maji yamejaa, hapavukiki.

"Meja," sauti ya Waziri ikasikika mpaka nilipokuwa nimekaa, "unataka kusema mto unapinga amri ya Kichwa?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Ng'ambo hiyo, kwa tangazo letu, haipo tena," Waziri akaongeza. "Lakini Mtukufu ameamuru apelekwe huko. Kwa hiyo ipo. Mvushe!"

Meja akakata simu. Akaita wahandisi. Malori yakaja na vyuma, na mbao, na saruji. Vijana wa jeshi wakaingia majini na kamba viunoni. Bi. Stamili alikuwa amekaa juu ya mkoba wake chini ya turubai, akimenya chungwa na kunigawia.

"Kazeni vizuri hizo nati, wanangu," alikuwa akiwaambia. "Nisije nikaanguka kabla ya kuadhibiwa."

Daraja lilipokamilika, Meja Kiyabo akamfunga pingu kama ilivyoagizwa, akamvusha kwa mwendo wa gwaride, nami nyuma yake. Katikati alisimama, akachungulia maji yakipita chini kwa kishindo. Nilidhani anacheka. Alikuwa akilia, analia kwa sauti ile yake yote, mpaka watu wa ng'ambo wakatoka majumbani. Tulipomaliza kuvuka, nyuma yetu, kabla hata ya wanajeshi kukunja kamba, kulikuwa na mwanamke mmoja anayevushwa upande wa zahanati kwenye kitanda, mumewe anakimbia kandokando na beseni.

Mimi ninaishi huku ng'ambo sasa, na daraja liko mpaka leo. Serikali haijalivunja, kwa sababu halimo katika kumbukumbu zake kama daraja; limeandikwa kuwa ni kifaa cha kutekelezea adhabu. Waziri Magotini alituma kibao kikapigiliwa misumari mwanzoni kabisa, ili watu wasije wakasahau: Hii ni adhabu. Tafadhali vukeni kwa huzuni.

Nasi tunajitahidi. Wajawazito wakifika pale hukunja uso, wakavuka.